Ua jekundu la duara linaloibuka mvua za kwanza: tupeane ujuzi wa kulitunza bustanini

Uani_Kwetu (mwanzisha uzi, Morogoro)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka mvua zikigonga tu, mtandaoni zinamiminika picha za ua moja jekundu, duara kama mpira, limesimama juu ya bua lake bila hata jani moja pembeni. Mpiga picha anauliza "hili ni nini?" na majibu yanakuja ya kubahatisha: amarilisi, kitunguu pori, dawa ya nyoka. Nimeona bora lipate uzi wake.

Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Ni wa ukoo mmoja na amarilisi, lakini si amarilisi. Yale malili makubwa mekundu yenye mistari, ambayo wauza miche wa barabarani huyaita amarilisi, ni Hippeastrum na asili yake ni Amerika ya Kusini. Hili la duara ni la kwetu kabisa. Linaota lenyewe kuanzia Senegali hadi Somalia, linashuka mpaka Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari lipo Yemen. Hapa nchini utalikuta vichakani, pembezoni mwa misitu, chini ya miti mikubwa na sana sana kwenye vichuguu. Ukitaka kuyatofautisha kwa haraka, kata bua la ua lililokwisha kunyauka. La Hippeastrum lina uwazi ndani, la hili limejaa. Halafu angalia shina chini, pale majani yanapokumbatiana: hili mara nyingi lina madoadoa ya zambarau iliyokolea.

Huo "mpira" si ua moja. Ni mkusanyiko wa vijiua vidogo, kichwa kilichoshiba huweza kufika 200, na kila kimoja kina nyuzi zake ndefu zenye chavua ya njano kwenye ncha. Linakaa wiki moja, likipata kivuli kizuri karibu mbili, kisha linafifia na majani yanashika zamu.

Sasa matunzo. Kitu kikubwa hapa ni usingizi. Mmea huu una kitunguu ardhini, na umezoea nchi yenye kiangazi cha kweli. Mvua ikianza unatoa ua, unafuatisha majani mapana, majani yanafanya kazi msimu mzima kujaza kitunguu, kiangazi kikikaza majani yanakuwa ya njano, yanalala, basi. Kwa miezi kadhaa juu ya ardhi hakuna kitu. Watu wengi hapo ndipo wanapoharibu. Wanaona majani yananjanika, wanadhani kiu, wanaongeza maji. Kitunguu kilicholala kikikaa kwenye tope kinaoza, na kisipooza kinachanganyikiwa, mwakani kinakupa majani matupu.

Mimi kwangu hapa Morogoro kuanzia mwezi wa sita hakipati hata tone. Vuli ikichungulia, naanza maji kidogo kidogo.

Udongo uwe mwepesi: wa msituni au wa bustani, mchanga kiasi, na samadi iliyooza hasa, si ile inayotoa moshi bado. Shingo ya kitunguu ibaki usawa wa udongo au ichungulie kidogo. Jua la asubuhi linatosha, la saa saba linachoma majani. Na ukishapanda, acha. Halipendi kung'olewang'olewa.

La mwisho kabla sijasahau: kitunguu chake kina sumu. Tutalijadili hilo.

Mpita_Njia77

Nimekaa pale na kikombe cha kahawa. Ngoja waje wajuzi.

Bi_Tabata (Dar)

Asante kwa darsa mkuu. Ila mimi nina swali la moja kwa moja. Ninalo kwenye ndoo barazani, nilipewa na shangazi likiwa na ua tayari. Mwaka uliofuata majani tu, mapana, ya kijani, yanapendeza, ua hakuna. Mwaka huu vilevile. Linamwagiliwa jioni pamoja na maua mengine yote na kila mwezi linapata mbolea. Lina nini?

Uani_Kwetu

Dada, linanenepa tu. Nikuulize mawili. Mbolea gani? Na majani yakianza njano, huwa unayakata?

Bi_Tabata

Urea, ile ya mahindi, kijiko kimoja. Na majani mabaya nayakata ndiyo, barazani panapita wageni.

Uani_Kwetu

Basi hapo yapo matatu yanasaidiana. Urea ni nitrojeni, na nitrojeni ni chakula cha majani. Punguza, au tumia samadi peke yake. Usikate jani ambalo bado lina ukijani hata robo, kwa sababu kichipukizi cha ua la mwakani kinatengenezwa ndani ya kitunguu msimu huu, kwa chakula kinachotoka kwenye hayo majani. Ukiyakata mapema umekinyima. Na hayo maji ya kila jioni mwaka mzima, hapo ndipo usingizi ulipopotea.

Fanya hivi: masika yakiisha, isogeze hiyo ndoo mahali pakavu chini ya paa, mbali na mkono wa anayemwagilia. Weka hata kibao "usiguse". Majani yakauke yenyewe, uyavute yakiwa makavu. Dar kuna unyevu mwingi hewani, kwa hiyo usiogope kwamba kitakauka. Oktoba hivi kirudishe kwenye mwanga, mwagilia mara moja ya kushiba, kisha subiri. Na hakikisha ndoo ina matundu chini. Ndoo za rangi watu wengi hawazitoboi.

Bi_Tabata

Imetobolewa, hilo sikosi 😄 Sawa, kibao kitawekwa leo.

Mngoni_Halisi (Songea)

Kuna jambo naongezea. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba. Hayo maua hayakosei: mvua mbili tatu za kwanza, ukipita njia za shambani unayakuta miguuni pa vichuguu, mekundu, majani ya mti juu bado hayajafunga. Kwa hiyo wa Nyanda za Juu Kusini msifuate kalenda ya pwani. Fuateni mvua yenu.

Na kuhusu udongo, mzee wangu mmoja alikuwa akichota udongo wa kichuguu kilichokufa, anachanganya na mboji, anapandia. Linashika vizuri mno. Nadhani ni kwa sababu kichuguu hakituamishi maji.

Mbuzi_Wangu (Same)

Samahani wakuu, sijaelewa kitu. Mwanzisha uzi anatuambia lina sumu, halafu anatufundisha kulipanda uani? Mimi nina mbuzi, nina wajukuu. Kitu chenye sumu dawa yake ni jembe na moto. Tupande mchicha.

Uani_Kwetu

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni ya haki, sitaikwepa. Ni kweli, ndani yake kuna kemikali za jamii ya likorini, ambazo ukoo wote wa amarilisi unazo. Sehemu kadhaa za Afrika kitunguu hiki kimewahi kutumika kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Si kitu cha mchezo.

Lakini mzee, hapo uani kwako pengine mnyonyo upo, na mbegu za mnyonyo ni hatari kuliko hili. Oleanda imejaa kwenye nyua za shule na hospitali. Tunaishi nazo kwa kuzijua. Mbuzi usiwaachie. Kwa wajukuu, panda nyuma ya uzio au weka chungu juu. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuhifadhi vitunguu vyake jikoni au stoo moja na vitunguu vya kula. Vikiwa vimekauka, mtu asiyejua anaweza kumenya.

Mbuzi_Wangu

Marahaba. Mnyonyo upo kweli, lakini huo haukununuliwa, uliota. Bado sijashawishika. Endeleeni, nasoma.

Zamu_ya_Usiku (muuguzi, Dodoma)

Naomba niweke hili kwa msisitizo maana watu wanapenda kubuni. Mtu akila kitunguu au tunda la mmea huu, dalili za kawaida za sumu za ukoo huu ni mate kujaa, kichefuchefu, kutapika sana na kuharisha. Mtoto mdogo anapungukiwa maji haraka, hapo ndipo hatari ilipo. Usimtapishe kwa kidole. Usitegemee maziwa. Msafishe mdomo, mkimbize kituo cha afya, na chukua kipande cha mmea mwende nacho ili mhudumu ajue anashughulika na nini. Mkishika vitunguu au kumenya matunda vaeni glovu, utomvu unawasha baadhi ya watu.

Na wale wa "dawa ya nyoka", tafadhali. Kwenye ukoo huu imepatikana dawa halisi, galantamini, inatumika kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lakini hiyo ilitokana na maua mengine ya ukoo huu ya Ulaya, na inapimwa kwa miligramu. Kuchemsha kitunguu na kunywa kikombe si tiba.

Mpita_Njia77

Kahawa imepoa. Uzi umekuwa mzito.

Tembo_Mdogo (Nairobi)

Habari zenu ndugu wa Bongo. Hata huku yako, vichakani pembezoni mwa jiji, na Machi ikinyesha tu yanatoka. Nimeshangaa siku moja kwenye duka la maua hapa mtaani kuona kitunguu kikavu cha hili ua kikiuzwa kwenye pakiti yenye picha ya kupendeza, kimetoka Uholanzi. Yaani kitu kilichojaa kichakani kwetu kimepanda ndege kurudi nyumbani. Nikacheka peke yangu.

Leicester_Baridi (Uingereza)

Tembo, usicheke sana, sisi huku ndio tunaovinunua. Kwa wenyeji hili ni ua la ndani, tena la kubembelezwa. Jalidi usiku mmoja tu na kitunguu kimekwisha. Mimi nakipanda kwenye chungu mwezi wa tatu, dirishani. Mwisho wa Mei au Juni, baridi ya usiku ikiisha, natoka nacho nje kwenye kivuli, na linachanua kiangazi cha huku. Vuli ya huku inapoingia, yaani majira ya kuelekea baridi na si mvua za vuli za kwenu, naacha maji, majani yanalala, nakiacha humohumo kwenye chungu ndani ya chumba kisichoshuka chini ya nyuzi 10 hivi. Simwagilii kabisa mpaka machipuko.

Kilichonifurahisha ni kwamba kitunguu hakijali kama kiangazi chake ni cha jua la Morogoro au cha baridi ya Leicester. Kinachotaka ni ukavu.

Kuna aina nyingine huku wanaipenda zaidi, katherinae. Ni nususpishi, yaani tawi la spishi hii hii, kutoka upande wa Afrika Kusini. Ni refu, ua lake ni la chungwa-jekundu, na linatoka pamoja na majani, si kabla. Hilo halilali sana, ukilikausha kama hili la kwenu linanung'unika. Kwa hiyo anayenunua asome lebo kabla ya kufuata ratiba ya Uani_Kwetu.

Uani_Kwetu

Nyongeza nzuri sana hiyo. Ratiba yangu ni ya hili la porini kwetu.

Msitu_Pesa

Wadau, nina vitunguu vya hilo ua vingi, fresh, nimevitoa msituni wiki hii. Jumla na rejareja. Njooni pm.

Mngoni_Halisi

Kaka, msitu gani? Wa hifadhi au wa babu yako?

Uani_Kwetu

Msitu_Pesa, naomba tangazo hilo lisikae hapa. Mmea huu mpaka sasa si wa kutoweka, umetapakaa bara zima, lakini tunajua biashara ya namna hii inavyokwenda. Waulize watu wa Makete na Mbeya kuhusu viazi vya okidi vilivyochimbwa Kitulo, magunia kwa magunia, kupelekwa Zambia kutengeneza chikanda, chakula cha huko. Kitulo ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua. Na zaidi ya hapo, kitunguu kilichong'olewa kikiwa kwenye ua au majani kina mstuko. Mnunuzi anakaa mwaka mzima, pengine miwili, anaangalia chungu kitupu, halafu anasema ua hili ni gumu. Si gumu. Limeng'olewa vibaya.

Mpole_wa_Tanga

Sasa kama si kung'oa, tunazipata wapi? Linazaa watoto kama migomba?

Uani_Kwetu

Linazaa, ila kwa kujivuta. Kitunguu kikubwa kinatoa kitoto pembeni mara mojamoja. Unakitenganisha wakati wa usingizi, kabla ya mvua, kikiwa na mizizi yake. Njia ya watu wavumilivu ni mbegu. Baada ya ua kuna vitunda vya kijani, vinakaa miezi, vinakuwa vyekundu. Vikilainika, vichume kwa glovu, menya nyama yote, osha. Ndani kuna mbegu moja, mara nyingine mbili tatu, nene, zenye maji. Hapo hakuna kuhifadhi kwenye bahasha kusubiri mwakani. Mbegu hizi zikikauka zimekufa. Panda ileile wiki, juu ya udongo, ibonyeze tu isifunikwe sana, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kulowa.

Halafu hapa ndipo watu wanapomwaga. Mbegu inatoa kitu kama mzizi kinachoingia ardhini, kinatengeneza kitunguu kidogo huko chini, na kwa miezi unaweza usione jani. Watu wanadhani imeoza wanatupa. Subiri. Ua la kwanza ni miaka mitatu, minne, mitano, kutegemea unavyolilisha.

Mpole_wa_Tanga

Miaka mitano! Mwanangu atakuwa darasa la tano. Haya, napanda.

Bahari_Kuu (Mombasa)

Assalaam alaykum. Nyote mwasema maji, hakuna asemaye wadudu. Kwangu mimi adui ni viwavi. Weusi, wana madoa meupe na ya njano, huja kundi zima, hutoboa jani toka ndani likawa kama karatasi, kisha wakashuka mpaka kwenye kitunguu. Wamenimalizia yale malili meupe ya pwani, wakahamia kwenye hili. Nifanyeje?

Uani_Kwetu

Waalaykum salaam. Hao ni viwavi wa nondo anayeitwa Brithys crini, chakula chao ni ukoo huu wa amarilisi, ndiyo maana wanahama kutoka lili moja kwenda jingine na kuuacha mwembe wako. Sumu inayotutapisha sisi wao haiwasumbui. Dawa ya bustani ndogo ni macho na mikono. Geuza majani kila asubuhi, ukiona mayai yamepangwa chini ya jani, sugua. Viwavi watumbukize kwenye maji ya sabuni. Jani lililotobolewa ndani likate lote ulichome, maana wengine wamo humo. Wakishafika kwenye kitunguu, kifukue, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, kiache kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo upande upya kwenye udongo mwingine.

Mwingine wa kuangalia ni vidung'ata, vile vyeupe vya unga, vinajificha kati ya magamba ya kitunguu. Konokono nao wanapenda ua lenyewe, unaamka mpira una kipara upande mmoja.

Bahari_Kuu

Ahsante sana. Kipara nilikiona, nikamsingizia kuku wa jirani.

Herbaria (Dar)

Nachangia kidogo upande wa majina, kwa anayesoma vitabu vya zamani asichanganyikiwe. Thomas Martyn ndiye aliyeliandika kitaalamu mwaka 1795, akaliita Haemanthus multiflorus. Mwaka 1838 Rafinesque akaliingiza kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Scadoxus, lakini watu hawakumfuata, wakaendelea na Haemanthus kwa zaidi ya karne. Mwaka 1976 Ib Friis wa Denmark na Inger Nordal wa Norway wakazitenganisha tena jenasi hizo kwa hoja: Haemanthus wana majani manene yasiyo na mshipa wa kati, hawa wana majani membamba yenye mshipa wa kati na mfano wa bua. Nordal huyohuyo ndiye aliyeandika sehemu ya ukoo huu kwenye Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, vile vitabu vya mimea ya kanda yetu, mwaka 1982. Kwa hiyo lebo ya zamani ikisema Haemanthus na mpya Scadoxus, ni mmea mmoja.

Jambo jingine ninalolipenda. Afrika Kusini wamechunguza ile katherinae aliyoitaja wa Leicester wakaona inachavushwa na vipepeo wakubwa, na chavua haibebwi na mwili bali na mabawa. Kipepeo anapopapatika akinyonya, mabawa yanapiga zile nyuzi ndefu. Umbo la mpira linaanza kueleweka hapo. Kwa hiyo anayepulizia dawa ya wadudu juu ya ua asishangae kukosa mbegu.

Mbuzi_Wangu (Same)

Nimesoma mpaka hapa. Hivi hilo ua likiwa ndani ya uzio wa miiba, upande ambao mbuzi hawafiki, chini ya mparachichi, litapata jua la kutosha?

Uani_Kwetu

Linatosha kabisa mzee, kivuli cha mparachichi kinalifaa, ili mradi si giza totoro. Angalia tu usimwagilie mparachichi kiangazi ukalilowesha na lenyewe. Lipande nje kidogo ya duara la maji.

Mbuzi_Wangu

Sijasema napanda. Nauliza.

Mpita_Njia77

😂😂 Mzee kashikwa.

Nyota_ya_Muscat (Oman)

Ndugu zangu, mama yangu yuko Tanga, anayo uani. Nataka anitumie vitunguu viwili kwa mtu anayesafiri. Huku joto ni kali, nitaliweka ndani kwenye kiyoyozi. Inawezekana?

Herbaria

Usimtume mtu avifiche kwenye sanduku. Mimea hai inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania kinatolewa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kabla ya hapo uliza huko Oman kama unahitaji kibali cha kuingiza. Mama avitoe vikiwa vimelala, avisafishe udongo wote, maana udongo ndio unaokataliwa haraka zaidi.

Uani_Kwetu

Na ukishavipata, kiyoyozi kisivipulizie moja kwa moja. Wewe ndiye utakayekuwa mvua yake, kwa hiyo chagua mwenyewe mwezi wa kuanza maji na usiubadilishe mwaka unaofuata.

Nyota_ya_Muscat

Nimechagua Oktoba, joto la huku likianza kupungua. Nampigia mama sasa hivi aviache vilale.